Sina cha Kuibiwa: Habari ya Kompyuta Zetu za Nyumbani

Ukimwuliza mtu mwenye kompyuta nyumbani kwa nini hakuiwekea neno la siri, au kwa nini kila siku huahirisha masahihisho ambayo kompyuta yenyewe inamwomba ayapokee, mara nyingi atacheka na kukujibu: “Mimi nina nini cha kuibiwa?” Jibu hili nimelisikia kwa mafundi cherehani, kwa makatekista, kwa walimu, na hata kwa wenzangu wa chumba cha kompyuta hapa shuleni, ambao wangepaswa kujua zaidi. Nami mwenyewe nililisema mara nyingi mpaka likizo ya Desemba 2023.

Watu hudhani kuwa uzembe huu watoka katika ujinga. Mimi naona sivyo. Mtu asemaye hana cha kuibiwa amekwisha kupiga hesabu. Ametazama ndani ya kompyuta yake, ameona picha za harusi, nyimbo, na barua mbili tatu, akasema moyoni kwamba mwizi akija atarudi mikono mitupu. Hesabu yake ni safi kabisa, ila amesahau kuandika vitu viwili. Cha kwanza ni mali za watu wengine zilizomo katika kompyuta yake. Cha pili ni kompyuta yenyewe.

Nianze na hicho cha kwanza, kwa sababu nilijifunza kwa aibu.

Baba yangu mkubwa ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha kigango chetu, kule kwetu Arua. Chama kina watu 64. Kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 2,000, na mtu akifiwa chama hununua sanduku, hulipia gari, na kuwapa wafiwa chakula cha siku mbili. Zamani hesabu ziliandikwa katika daftari nene. Mwaka 2019 mtoto wa shangazi alileta kompyuta iliyokwisha kutumika, na tangu hapo daftari likaachwa, hesabu zote zikahamia humo. Kompyuta ilikaa sebuleni juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Haikuwa na neno la siri. Kila kijana wa nyumba ile aliitumia, na mimi kuliko wote, kwa kuwa nilihesabiwa kuwa fundi.

Likizo ile nilitaka programu ya kutengeneza picha. Programu yenyewe huuzwa kwa fedha nyingi, lakini katika intaneti hazikosekani nakala za wizi, ambazo watu wamezivunja kufuli ili zifanye kazi bila kulipiwa. Nikapata moja. Pamoja nayo palikuwa na maagizo, na agizo la kwanza lilisema hivi: zima programu yako ya kukinga virusi, maana itadhani kuwa nakala hii ni virusi, nayo itaizuia. Nikaizima.

Ndugu msomaji, litazame agizo hilo mara ya pili. Ni kama mtu usiyemjua aje mlangoni pako usiku akuambie: “Mfunge mbwa wako kwanza, maana ana tabia mbaya ya kunidhania mwizi.” Mlangoni tungepiga yowe la kuita majirani. Mbele ya kompyuta mimi nilitii.

Programu ya picha haikufunguka. Nikadhani nakala ile ni mbovu, nikaenda zangu kucheza mpira. Niliporudi jioni nikakuta kila faili limeongezewa mwishoni herufi nne nisizozijua. Picha hazikufunguka, barua hazikufunguka, hesabu za chama hazikufunguka. Katika kila folda palikuwa na barua moja ya Kiingereza, fupi na yenye adabu, ikinieleza kwamba mafaili yangu yamefungwa kwa ufunguo wenye nguvu, na kwamba ufunguo wa kufungulia utauzwa kwangu kwa dola 980. Lakini nikilipa kabla ya saa 72 kupita, nitapunguziwa nusu, yaani dola 490.

Yafaa nieleze virusi vya namna hii hufanyaje kazi, maana watu wengi wafikiri kuwa virusi huiba au hufuta tu. Kazi ya hivi hasa si kuiba faili wala kulifuta. Huchukua faili lako, huchanganya herufi na tarakimu zake kwa hesabu maalumu, kisha huliacha pale pale lilipokuwa. Hesabu zenyewe ni za jamii ile ile izilindayo fedha za watu katika benki na katika simu; ndiyo sababu hazivunjiki. Ufunguo wa kuyarudisha mambo mahali pake anao yule aliyevituma. Kujaribu funguo moja baada ya moja mpaka uupate ulio sawa ni kazi isiyokwisha, hata ukiazimwa kompyuta zote za dunia.

Jamii ya virusi vilivyotuingia huitwa STOP, au Djvu, na imejulikana tangu mwaka 2018. Ni vya ajabu kwa jambo moja: havikukusudiwa kwa benki wala kwa serikali. Vilikusudiwa watu wa nyumbani, na njia vilivyoipenda kuliko zote ni hizo nakala za wizi za programu. Mwenye kuvituma alijua sana kwamba mtu asiye na fedha za kununua programu atatafuta ya bure, na kwamba atamfunga mbwa akiambiwa amfunge. Tena, ili vimalize kazi upesi kabla hujashtuka, vilifunga sehemu ya mwanzo tu ya kila faili. Kwa hiyo video ndefu huweza kuokolewa kwa sehemu kubwa. Lakini faili dogo la hesabu hufungwa lote. Video zangu za mpira zikapona kwa sehemu, ila michango ya watu 64 kwa miaka minne ikapotea.

Nilimwendea Baba mkubwa nikamwambia, “Baba, hesabu za chama zimefungwa.” Akaniuliza, “Na ufunguo uko wapi?” Nikamwambia uko kwa mtu ambaye hatutamwona kamwe. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huyo mtu anaijua Arua. Sikuwa na jibu. Mtu yule hakuijua Arua, wala hakujua kwamba kuna chama cha kuzikana, wala hakutuchagua sisi. Alitega mtego njiani, akaenda kulala.

Hatukulipa. Dola 490 ni fedha ambazo chama kizima hakikuwa nazo kwa wakati ule, na tena hakuna wa kukuhakikishia kwamba ukilipa utapewa ufunguo. Mwezi Oktoba 2019 kampuni moja iitwayo Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungulia mafaili yaliyofungwa na virusi vya jamii hii vya mwanzo, namna zaidi ya 140, na watu wengi walipona kwa chombo hicho. Lakini wezi walikuwa wamekwisha kubadili namna yao ya kutengeneza funguo mnamo Agosti mwaka huo huo, na vyetu vilikuwa vya namna mpya. Tulijaribu, chombo kikatuambia kwa upole kwamba hakiwezi.

Basi hilo ndilo kosa la kwanza katika hesabu ya “sina cha kuibiwa.” Kosa la pili ni kubwa zaidi, wala halihitaji faili hata moja. Ili kulieleza sina budi kutoka sebuleni kwetu na kwenda mbali kidogo.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, wenye umri wa miaka 20 hivi, waliandika programu waliyoiita Mirai, neno la Kijapani lenye maana ya wakati ujao. Majina yao ni Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman. Mwanzo wao ulikuwa mchezo: walikuwa katika biashara na mashindano ya seva za mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, na walitaka njia ya kuzilemea seva za wengine. Lakini chombo walichokiunda kilikuwa kikubwa kuliko mchezo.

Mirai ilizunguka katika intaneti ikibisha hodi kila mlango. Haikutafuta kompyuta za wakubwa. Ilitafuta kamera za ulinzi za majumbani, mashine za kurekodia picha za kamera hizo, na ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Vyombo hivi ni kompyuta, ijapokuwa havina kioo wala vibonye vya kuandikia, na ndiyo maana wenyewe hawavihesabu. Kila ilipopata mlango ilijaribu majina na maneno ya siri kutoka katika orodha ya jozi 60 hivi, basi. Nayo yalikuwa yale yale ambayo kiwanda huweka kabla ya kuuza: “admin” na “admin,” “root” na “12345,” na mengine ya namna hiyo. Maana wenye vyombo, walipovileta nyumbani, walivichomeka umeme, wakaona vyafanya kazi, wakaridhika.

Kwa jozi hizo 60 za maneno Mirai ilikusanya jeshi. Wataalamu walioichunguza baadaye walikuta kwamba kilele chake kilifikia vyombo 600,000 hivi, na vingi vyao vilikuwa katika nchi za Amerika ya Kusini na Asia, kama Brazil, Colombia na Vietnam. Kila chombo kilingoja amri. Amri ikitoka, vyote kwa pamoja humtumia mtu mmoja taarifa zisizo na maana, mpaka mlango wake ukazibwa kwa wingi wa wageni, na mwenye haja ya kweli asiweze kupita. Fikiri duka moja dogo, na watu elfu wasiotaka kununua chochote wamesimama mlangoni, kila mmoja akiuliza bei ya chumvi.

Mwezi Septemba 2016 jeshi hilo lilimpiga Brian Krebs, mwandishi wa Marekani anayeandika habari za uhalifu wa kompyuta. Tovuti yake ilimwagiwa gigabiti 620 kila sekunde. Mwishoni mwa mwezi huo huo waandishi wa Mirai waliitoa programu yao hadharani, kila mtu aichukue, ili nyayo zao zipotee katika nyayo za wengi. Watu wakaichukua. Tarehe 21 Oktoba 2016 ikapigwa Dyn, kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kama ya kitabu cha simu, kuzielekeza kompyuta mahali tovuti zilipo; na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kuzifikia Twitter, Netflix na nyinginezo, ijapokuwa tovuti zenyewe zilikuwa nzima.

Mtu wa kwetu aweza kusema kwamba hayo ni matatizo ya Ulaya. Basi na tusikie habari ya Liberia. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, aliajiriwa kwa siri na mtumishi wa kampuni moja ya simu ya huko ili aishambulie Lonestar, kampuni iliyokuwa ikishindana nayo. Kaye aliitumia Mirai baada ya kuifanyia marekebisho yake. Mnamo Novemba 2016 mashambulizi yakazidi hata yakavuruga intaneti ya nchi yenyewe. Lonestar ilitumia dola 600,000 hivi kujitengeneza upya, na hasara ya wateja waliokimbia ilitajwa kuwa makumi ya mamilioni ya dola. Mwezi huo huo, Kaye alipojaribu kuziteka ruta zaidi ili akuze jeshi lake, wateja 900,000 hivi wa kampuni ya simu ya Ujerumani wakakatikiwa na intaneti. Alikamatwa katika kiwanja cha ndege cha Luton, Uingereza, Februari 2017, na Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32.

Jambo ninalotaka lionekane hapa ni hili. Silaha iliyoipiga Liberia hakuwa nayo Kaye nyumbani kwake. Silaha ilikuwa kamera za watu wasioijua Liberia hata katika ramani. Mtu mmoja alinunua kamera ili alinde duka lake au mlango wake. Kamera ikaendelea kumwonyesha picha kama kawaida, labda polepole kidogo. Na wakati ule ule, bila yeye kujua, ilikuwa ikimzuia mtu wa Monrovia asiweze kutuma wala kupokea habari. Mwenye kamera hakuibiwa kitu. Jibu lake la “sina cha kuibiwa” lilikuwa kweli tupu mpaka mwisho, na halikumsaidia mtu wa Monrovia hata kidogo.

Vijana wale watatu walikiri makosa mahakamani Desemba 2017. Septemba 2018 walipewa miaka 5 ya kuangaliwa, na saa 2,500 kila mmoja za kazi ya kuitumikia jamii, na kulipa fidia ya dola 127,000. Hawakufungwa gerezani, kwa sababu walikuwa wamewasaidia sana wapelelezi kuwanasa wengine. Wenzangu wa darasa la sita tulibishana juu ya hukumu hiyo jioni nzima, wengine wakisema ni ndogo mno. Mimi nilikuwa upande wa hakimu, lakini nakubali kwamba huenda nilikuwa nikijitetea mwenyewe.

Mirai ilikuwa na tabia nyingine inayostahili kutajwa. Ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu ya chombo, ile inayofutika umeme ukizimwa. Kwa hiyo ukizima kamera yako, ugonjwa unatoka. Lakini ukiiwasha tena bila kubadili neno la siri, huenda dakika chache tu zikapita, Mirai imekwisha kurudi. (Kwetu umeme hukatika mara nyingi, hata nilidhani tumebarikiwa, mpaka niliposoma habari hiyo ya dakika chache.)

Hata hivyo si haki kumtwika mzigo wote mwenye kamera. Baadhi ya vyombo vile vilitengenezwa kwa namna ambayo neno la siri halikuweza kubadilishwa na mnunuzi, hata angetaka, lilichongwa ndani. Kampuni moja ya China, XiongMai, iliyotengeneza sehemu za vyombo hivyo, ilitangaza Oktoba 2016 kwamba itazirudisha baadhi ya kamera zilizokuwa zimeuzwa Marekani. Baadaye serikali nyingine zikaona kwamba kuwahubiria wanunuzi hakutoshi. Jimbo la California lilianza tarehe 1 Januari 2020 kutumia sheria inayowataka watengenezaji wasiviuze vyombo vya intaneti vikiwa vyote na neno moja la siri, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake iliyoanza tarehe 29 Aprili 2024. Sheria hizo nazipenda, maana zinamwendea yule anayeuza vyombo laki moja kwa siku, badala ya kuwaendea wanunuzi laki moja mmoja mmoja. Lakini kamera za zamani zisizoruhusiwa huko zahitaji pa kwenda, na sokoni kwetu hazikosi wanunuzi.

Kuna uzembe mwingine ambao kwa kweli sipendi kuuita uzembe, nao ni wa masahihisho. Kila programu ina makosa, na makosa mengine ni matundu ambayo mwovu aweza kupita. Mtengenezaji akiligundua tundu hutuma kiraka cha kuliziba. Kiraka hicho huja kwa intaneti, na intaneti kwetu hununuliwa kwa bando. Mama mwenye bando la kumwezesha kuzungumza na mwanawe aliye mbali hawezi kufurahi kompyuta ikilimeza lote kwa usiku mmoja, kisha imwambie: tafadhali ngoja, usinizime. Kwa hiyo watu huyazima masahihisho. Mafundi wa mjini huyazima kabla hata hujaomba, tena huhesabu kuwa wamekutendea wema. Mtu anayetushauri tuyapokee masahihisho, asipotaja gharama ya bando, nadhani hajatueleza jambo lote.

Lakini gharama ya kutoyapokea nayo ina ushahidi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja baya katika Windows. Tarehe 12 Mei 2017, yaani siku 59 baadaye, virusi viitwavyo WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo na kuzifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi, vikidai dola 300 kwa kila moja. Hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwapo, cha bure, kwa siku 59. Na sasa kuna jambo la kwetu la kuangaliwa: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imekoma kutuma masahihisho ya kawaida kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi zinazotufikia mikono ya pili ni za Windows hiyo. Hazitaharibika, zitaendelea kuwaka kila asubuhi kama kawaida, na hiyo ndiyo hatari yake, maana hakuna kitakachomwambia mwenyewe kwamba matundu mapya hayazibwi tena. Mwenye kompyuta ya namna hiyo na aulize kama yake yaweza kupokea Windows 11 au Linux, na kama haiwezi, asiweke humo jambo la fedha wala la watu.

Kwa wale ambao bando ni tatizo, njia niliyoiona ikifaa ni kuipeleka kompyuta mara moja kwa mwezi mahali penye intaneti isiyopimwa, kama vile parokiani au kazini kwa jamaa, na kuiacha hapo mchana kutwa ijipokelee yote.

Habari za flashi wanafunzi wote wazijua, sitazirefusha. Unaipeleka flashi katika duka la kupiga chapa ili utoe kurasa mbili, unarudi nayo nyumbani na folda zako zote zimegeuka kuwa alama zenye mshale mdogo pembeni. Ukiibonyeza mojawapo, ndipo unapovifungulia virusi mlango wewe mwenyewe. Mafaili yako kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu. Usibonyeze, na usiisafishe flashi yote kwa hasira kama nilivyomwona mwenzangu mmoja akifanya na insha yake ya mtihani wa majaribio.

Juu ya neno la siri nitasema jambo moja ambalo huenda waalimu wetu hawatalipenda. Tulifundishwa kwamba kuliandika neno la siri ni kosa. Matokeo yake ni kwamba kila mtu huchagua neno moja jepesi, kwa kawaida jina la mtoto na mwaka wake, akalitumia kwa simu, kwa barua na kwa kompyuta. Na likijulikana mahali pamoja, limejulikana pote. Mimi naona ni afadhali mtu awe na maneno marefu yaliyo mbalimbali, ayaandike katika kijitabu, akifungie kijitabu hicho katika sanduku pamoja na hati ya shamba. Mwizi wa intaneti aliye mbali hawezi kufungua sanduku lako. Ila asilibandike juu ya kompyuta yenyewe, kama Baba mkubwa alivyofanya mwanzoni baada ya mkasa wetu, kwa maandishi makubwa mazuri, ili watoto wasimsumbue kwa kumwuliza.

Nirudi kwa chama. Mwezi Januari 2024 tulizunguka nyumba kwa nyumba, Baba mkubwa na mimi, tukitafuta risiti. Wengine walikuwa wamezitunza ndani ya Biblia. Wengine walikuwa wamewashia moto. Wanachama 53 tuliweza kuandika hesabu zao upya. Waliobaki 11 hatukuwapata kwa ushahidi, tukawaandika kwa neno lao. Mwezi uliofuata mmoja wa hao 11 akafariki. Jamaa zake wakasema alikuwa amelipa kila mwezi. Mwanachama mwingine akasema mbele ya watu, maiti ikiwa bado ndani, kwamba hakulipa mwaka mzima. Jibu lilikuwamo katika faili lile. Chama kilinunua sanduku hata hivyo, lakini nyumba hizo mbili hazisalimiani mpaka leo. Tena wakatokea wa kunong’ona kwamba mweka hazina amekula fedha, na hayo ya virusi ni kisingizio cha wasomi. Mzee yule ameshika fedha za watu kwa miaka mingi na hakupata kushukiwa shilingi moja. Katika mkutano wa Pasaka nilisimama nikaeleza mwenyewe niliyoyafanya, tangu agizo la kumfunga mbwa. Sijui kama wote waliamini. Mama mmoja aliuliza kwa nini mtoto aliruhusiwa kucheza na sanduku la fedha, na hakuna aliyemjibu.

Sasa daftari nene limerudi, na kompyuta inafuata nyuma yake. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nakala ya hesabu huwekwa katika flashi mbili, ambazo hazichomekwi kwa kazi nyingine yoyote. Moja hukaa kwa katibu na nyingine ndani ya mkebe pamoja na muhuri wa chama. Flashi iliyobaki ndani ya kompyuta si akiba, maana virusi vya kufunga mafaili huifunga nayo pia.

Mafaili yaliyofungwa hatukuyafuta. Imewahi kutokea kwamba funguo za wezi zikapatikana baada ya miaka, na watu wakafunguliwa bure. Kama yuko mwanafunzi wa zamani wa shule hii afanyaye kazi hiyo, na aweza kututazamia herufi nne za mwisho wa faili letu, namwomba aandike kwa Mhariri wa gazeti hili.